Toka Asubuhi, Ulale Kwako

Mwambie mkazi wa Dar es Salaam kwamba Bagamoyo ni kama kilomita 70 tu, naye atakuuliza, "Unaondoka saa ngapi?" Swali lake lina maana kuliko kilomita zako. Ukipita Mwenge saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi, saa mbili uko Bagamoyo unakunywa chai kwa vitumbua. Ukipita hapohapo saa nne, baada ya kumsubiri shemeji aliyekuwa "njiani" tangu saa moja kumbe bado yuko bafuni, utaikuta foleni Mwenge, utaikuta tena Tegeta, na mkifika Bunju watoto wameshamaliza maji, biskuti na hamu ya safari.

Ndiyo maana nikiombwa ushauri kuhusu miji ya karibu na Dar inayofaa kwenda na kurudi siku hiyohiyo, huanza na saa ya kurudi. Wengi wetu hupanga kwenda tu. Kurudi tunamwachia Mungu. Wewe amua kwanza saa ya kugeuza, kisha hesabu kurudi nyuma. Kwa Bagamoyo, kama ni Jumapili, saa tisa alasiri uwe barabarani, kwa sababu jioni ile waliokwenda harusini, msibani na ufukweni wote wanarudi mjini kwa barabara moja. Ukitoa muda wa njiani na ile saa moja na nusu ya jua la mchana ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu anatembea, unabakiwa na saa tano hivi za maana. Zinatosha mji mmoja, na ndani ya mji huo mambo mawili. Anayetaka kuona kila kitu kwa siku moja hurudi na picha mia mbili na ugomvi na mwenzi wake.

Tuanze na Bagamoyo yenyewe, maana ndiyo mji ambao watu wa Dar wanaujua kwa jina na kwa hoteli za semina, lakini wengi hawajawahi kuutembea kwa miguu.

Usafiri wa umma unapatikana kituo cha Makumbusho, na kosta hujaa haraka asubuhi. Kaa upande usiopigwa na jua. Kwa kuwa unaelekea kaskazini asubuhi, huo ni wa kushoto. Kwa gari binafsi, jaza mafuta kabla hujatoka mjini, na watoto waende chooni kwenye sheli ya Bunju au Mapinga, wawe wamebanwa au hawajabanwa.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, mambo yake mawili yawe magofu ya Kaole na soko la samaki. Kaole iko kama kilomita tano kusini mwa mji, bajaji itakufikisha, na lazima iwe asubuhi kwa sababu magofu hayana paa wala kivuli cha kutosha. Kuna mabaki ya misikiti miwili na makaburi. Msikiti mkongwe wataalamu huuweka kwenye karne ya 13, yaani miaka mia kadhaa kabla ya Mreno wa kwanza kuitia macho pwani hii. Usiishie kupiga picha ya ukuta kwa mbali. Sogea. Angalia mawe ya matumbawe yalivyopangwa na kushikwa kwa chokaa, na ukiyatazama kwa makini utaona maumbo ya matumbawe yenyewe, vile vishimo vidogovidogo vya viumbe vilivyoishi baharini. Kisha nenda kwenye makaburi yenye nguzo. Kwenye baadhi ya nguzo kuna vishimo vya duara. Humo zilipachikwa bakuli za kaure zilizosafiri kutoka Uchina. Mtu aliyezikwa hapo alikuwa na uwezo, na ndugu zake walitaka kila anayeingia bandarini ajue.

Bandari yenyewe utaitafuta usiione. Mikoko imejaa na bahari imekwenda mbali. Hiyo ndiyo sababu inayotolewa ya Kaole kupoteza biashara yake na Bagamoyo kushika nafasi. Mwongozaji atakuonyesha pia mbuyu na kukwambia kwamba ukiuzunguka utaongezewa miaka. Zunguka tu, hakuna hasara. Kwenye kaburi ambalo watu huenda kuomba, punguza sauti na usimpige picha mtu aliye katika dua yake.

Saa tano hivi rudi mjini, teremka ufukweni. Jahazi na ngalawa zikileta samaki, mnada unaanzia palepale mchangani. Dalali anasimama juu ya fungu, anataja bei kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata, wanunuzi wanapandisha kwa kutikisa kichwa au kuinua kidole, na kabla hujajua nani kashinda, tenga limeshabebwa. Usijaribu kushiriki mnada kwa ajili ya samaki wawili wa mchana. Utawaudhi watu walio kazini. Subiri mzigo ufike kwa wauzaji wa rejareja, chagua changu au kibua wako mwenye jicho linalong'aa na shavu jekundu, elewana bei, kisha mpelekee mama mwenye karai la mafuta akukaangie. Bei ya samaki na bei ya kukaanga ni mbili tofauti. Ziulize zote kabla ya kukaa, na uulize kama ndimu na pilipili vimo. Kula na muhogo. Harufu itakaa nguoni hadi Dar. Ndiyo bei ya mahali pazuri.

Kama ulishawahi kufika Kaole, basi jozi yako ya pili iwe Misheni na Mtaa wa India. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na waliwapa makazi watu waliokombolewa utumwani. Bustani yao ina njia ya miembe, makaburi ya wamisionari waliokufa wakiwa vijana, na makumbusho ndani ya nyumba iliyojengwa mwaka 1876 kwa ajili ya masista. Makumbusho haya ni madogo na yamepangwa vizuri. Saa moja inatosha. Karibu yake umesimama mnara wa kanisa la kwanza, ambako mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Wageni husimama pale wakimfikiria Livingstone. Mimi huwafikiria zaidi waliombeba. Chuma, Susi na wenzao walitembea na maiti ile kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia, miezi mingi, njia nzima kwa miguu, na kuifikisha pwani ikiwa salama. Hakuna basi la usiku wala kibali cha kusafirisha maiti kilichowasaidia.

Kutoka Misheni shuka hadi mjini. Mtaa wa India una nyumba zenye milango ya nakshi, nyingine zimetengenezwa, nyingine zimebaki kuta na miti iliyoota ndani. Tembea taratibu na usome milango: maua, minyororo, miiba ya shaba. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891 yalipohamishiwa Dar es Salaam, na Boma lao la mwaka 1897 bado lipo. Kuna jina moja ambalo mtu wa Dar akilikuta huku atashtuka kidogo, nalo ni Sewa Haji. Ndiyo, yuleyule wa jengo la Sewahaji pale Muhimbili. Alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyejipatia mali kwa kuhudumia misafara, na mwishoni mwa karne ya 19 alitoa jengo la shule mjini humo kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome pamoja. Kwa zama zile, lilikuwa sharti zito.

Siku za kukwepa? Idd na Pasaka mji hufurika, na foleni ya kurudi ni adhabu. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi haifungui mchana, na kutafuna barabarani si adabu. Nenda, lakini uwe umekula. Tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, likiwepo, hilo ni jambo jingine kabisa: ngoma ziko jioni, kwa hiyo hiyo ni safari ya kulala. Usijidanganye kwamba utaona ngoma mbili kisha uwahi kosta.

Sasa Morogoro. Zamani nisingemshauri mtu kwenda na kurudi Morogoro siku moja isipokuwa kwa msiba. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 190, Kibaha hadi Mlandizi peke yake inaweza kukumaliza, na ukifika stendi ya Msamvu mgongo umeshakufa. Reli ya kisasa imebadilisha hesabu. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro chini ya saa mbili, kwa kasi inayofikia kilomita 160 kwa saa, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati wa kuanza ilikuwa shilingi 13,000. Kwa mara ya kwanza mtu wa Ilala anaweza kupanda mlima wa Uluguru na jioni akala chakula chake mwenyewe.

Lakini treni ina masharti yake. Tiketi ina jina lako na mlangoni utaulizwa kitambulisho, kwa hiyo usikate kwa jina la utani. Kata ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, hasa mwisho wa mwezi na wikendi za sikukuu. Angalia ratiba ya wiki hiyo, si ile uliyotumiwa na rafiki kwenye WhatsApp mwezi uliopita. Kuna treni ya kawaida na ya haraka, na nauli hazilingani. Fika stesheni mapema kuliko ulivyozoea kwenye mabasi. Kuna ukaguzi wa mizigo, na mlango ukifungwa hakuna konda wa kumpungia mkono. Ukiweza kuchagua, kaa kushoto wakati wa kwenda. Ukipita Ngerengere, milima huanza kujitokeza upande huo, kwanza kama wingu zito lisilosogea, kisha inakuwa kijani.

Kituo cha Morogoro kiko Kihonda, nje kidogo ya mji, na hapo madereva wa bajaji watakusubiri kwa bashasha. Ulizia nauli kwa abiria wenzako wakati bado mko ndani ya treni. Wenyeji hawana choyo na habari hiyo.

Wenyeji huuita mji wao "mji kasoro bahari", na majigambo hayo yana msingi. Mambo yako mawili hapa ni mlima na soko, na mlima utangulie. Kutoka mjini unapanda barabara ya vumbi kuelekea Morningside, nyumba iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1911, juu ya mita elfu moja na mia kadhaa kutoka usawa wa bahari. Mtu wa mazoezi ya kawaida atatumia kama saa mbili kupanda, pungufu kushuka. Njiani utapishana na akina mama wa Kiluguru wanaoteremka na matenga kichwani: mboga, ndizi, matunda. Wao wanashuka kwa malapa, tena kwa kasi, nawe umevaa raba za kukimbilia na unahema. Wapishe, wasalimu, na kama unataka kununua, nunua hapohapo.

Juu kuna hewa ambayo mtu wa Dar ameisahau. Kaa. Usiwe na haraka ya kwenda mbele zaidi, kwa sababu ukivuka kuelekea kilele cha Bondwa unaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, kuna kibali na ada, na muda wako hautoshi. Tazama vijito vinavyoshuka. Mto Ruvu unaanzia kwenye milima hii, na maji ya Ruvu ndiyo yanayotibiwa na kusukumwa hadi kwenye mabomba ya Dar. Siku yakikatika Kinondoni, utajua angalau yalikotakiwa kutoka.

Machi hadi Mei udongo huteleza vibaya, na hata miezi mingine mlima huu hupenda mvua ya ghafla mchana. Anza kupanda kabla ya saa tatu. Mzee mwenye magoti mabovu au mtoto wa miaka minne asipelekwe Morningside. Kwa hao kuna Rock Garden, karibu na mji, yenye mawe makubwa na maji yanayotiririka kati yake.

Baada ya kushuka, kula, kisha uende Soko Kuu la Chifu Kingalu. Hapa ndipo yale matenga yanapoishia. Kwa msimu wake utapata fenesi, stroberi, viungo na ndizi za kila namna. Nunua kidogo, ukikumbuka kwamba utabeba mwenyewe hadi Kihonda na kwamba treni ina utaratibu wake wa mizigo. Fenesi zima usithubutu. Na ukikuta mzee mwenye redio kwenye kibanda cha kahawa, mchokoze kuhusu Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Mji huu ulikuwa na bendi mbili zilizowatikisa hata watu wa Dar, na mpaka leo wazee hawajakubaliana ipi ilikuwa zaidi. Ila tazama saa yako. Mjadala huo hauna mwisho na treni haisubiri.

Kisarawe ni kwa mtu mwenye nusu siku. Ukifika Gongo la Mboto umeshamaliza sehemu ngumu. Zaidi ya hapo barabara inapanda kwenye vilima na hewa inabadilika. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko pale, mabaki ya misitu ya pwani ambayo mji unaendelea kuikaribia. Njiani kuna Shule ya Sekondari ya Pugu, ambako Julius Nyerere alifundisha hadi alipoacha kazi mwaka 1955 ili aishughulikie TANU. Kuna pia mnada wa ng'ombe wa Pugu, kwa anayetaka nyama choma. Mji wa Kisarawe wenyewe si mji wa kupiga picha, na sitakudanganya. Nenda kwa ajili ya msitu, utulivu na nyama.

Na Zanzibar? Kila mtu huuliza. Boti ya kasi huchukua kama saa mbili, unaweza kuondoka asubuhi na kurudi alasiri, na wafanyabiashara wanafanya hivyo kila siku. Kwa matembezi, mimi sishauri. Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, unanoga jua likielekea kuzama: watu wanatoka barazani, vijana wanajirusha majini Forodhani, majiko yanawashwa. Boti yako ya kurudi inataka uwe bandarini kabla ya hayo yote. Utapata vichochoro vya saa saba mchana, urojo wa haraka, na kuliona jumba la Beit al-Ajaib kwa nje, ambalo sehemu yake ilibomoka Desemba 2020. Kama ni lazima uende siku moja, chagua siku isiyo na upepo mkali wa kusi, kula chakula chepesi kabla ya kupanda, na usipange kwenda hata shamba la viungo. Vinginevyo weka akiba ulale usiku mmoja.

Mambo machache ya mfukoni. Beba kitambulisho hata ukienda Kaole tu, kwa sababu kiingilio cha raia na cha mgeni havikaribiani, na ukiwa na ndugu aliyekuja kutoka Muscat au Minnesota na pasi ya huko, mwambie mapema kwamba atalipa cha wageni ili asije akaanza ubishi getini. Dai risiti. Mwongozaji wa mtaani mkubaliane bei kabla hamjapiga hatua ya kwanza, mseme ni kwa mtu au kwa kundi, na akifanya kazi nzuri umwongeze. Noti ndogondogo zitakuokoa kuliko simu yenye salio kubwa na chaji asilimia tatu. Kwa akina dada, kanga moja ndani ya mkoba inafaa kila mahali: msikitini, ufukweni, kwenye siti yenye vumbi, na kwa mtoto aliyelala.

Usiwe na kundi kubwa pia. Watu wanne wanaamka, wanatoka, wanarudi. Watu kumi na wanane wanahitaji mwenyekiti, mweka hazina na kikao cha tathmini.

Na kwa watakaonunua samaki Bagamoyo: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na gazeti peke yake halizuii mafuta. Toka nyumbani na ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana. Samaki wa kukaanga wapoe kwanza, ndipo ufunike, la sivyo watalainika kwa mvuke kabla ya Mapinga. Wabichi watie barafu, uwapange kichwa juu ya mkia, na ndoo uishike miguuni mwako mwenyewe. Usikubali ipelekwe nyuma ya kosta, kwa sababu Tegeta watu watashuka kwa haraka na ndoo zote hufanana.